Pweza Aliyenitoa Kanisani

Kisugu, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Kwanza goti. Linaendeleaje hilo goti la kushoto? Ulipanda tena kule kwa mganga wa mifupa au umeacha kwa sababu ya kilima? Na sukari ya Baba, anapima, au bado anasema yule daktari ni mtoto mdogo hawezi kumwambia kitu? Mimi ni mzima wa mwili, nakula, nalala, kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Kichwa tu ndicho kinachochemka, na utaona kwa nini.

Naandika kwenye karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu imenishinda. Nikimpigia Baba, akisikia sauti yangu anakata. Nikikupigia wewe, anauliza ni nani, ukisema Amani anatoka nje mpaka tumalize. Basi nakuomba, Mama, umsomee barua hii kwa sauti wakati anakula. Namjua mzee wangu. Anaweza kumkimbia mtoto wake, lakini sahani ya ugali na ndagala hawezi kuikimbia. Kila mahali nitakapoandika "Baba", inua sauti kidogo.

Ninachotaka ni kitu kimoja, nakisema mapema msije mkakitafuta. Nataka Baba aende kwa mzee Bahati hapo Uvira, baba yake Neema, akabishe hodi kwa ajili yangu, kama alivyoahidi kabla ya hii takataka ya pweza. Kwetu kijana hajiposei. Baba asipokwenda, mlango haufunguliwi, hata kama binti mwenyewe anataka, na Neema anataka. Lakini wazazi wake wamemwambia wazi: hawampi mtu ambaye baba yake mzazi amemkana. Na mimi siwalaumu, hata ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

Sasa pweza.

Kazi yangu mnaijua, natafsiri filamu. Huku wanatuita maviijei. Unakaa ndani ya kibanda cha filamu na maikrofoni yako, picha inakwenda ukutani, wazungu wanaongea yao, na wewe unawaambia watu kwa lugha yao nini kinasemwa, tena unatia chumvi na pilipili. Wenzangu wengi wanafanya kwa Kiganda. Mimi nafanya kwa Kiswahili kule Mbuya, kwa sababu watu wa kibanda chetu ni wake wa askari kutoka kaskazini, polisi, na Wakongo wenzetu wanaouza vitenge. Mwenye kibanda ni Afande Opio, sajini mstaafu, mtu wa tumbo kubwa na roho nzuri. Ila akipata wazo jipya, wewe tafuta njia ya kutokea.

Basi, tangu mwaka uanze karibu kila filamu ninayoletewa ina jambo lilelile. Iwe ya manowari, iwe ya watu wanaokwenda kwenye nyota, iwe ya polisi wawili wanaomtafuta mtoto aliyepotea, ukifika katikati tu, mikono ya pweza inachomoza mahali. Nikasema jamani, hawa watu wameishiwa? Nikamuuliza mzee anayetuuzia filamu, mtu aliyewahi kufundisha chuo, akanieleza asili yake.

Kumbe ni hadithi za kizungu za miaka mia moja iliyopita. Waliziandika kwenye vijarida vya kusoma na kutupa. Zinasema huko nyuma ya nyota, au chini kabisa ya bahari, yamelala mazimwi makubwa yenye mikono ya pweza, ya kale kuliko binadamu. Hayatupendi, hayatuchukii, hata hayajui kama tupo, kama vile wewe Mama usivyojua majina ya siafu wanaopita uani. Mtu akiyaona, au akisoma kitabu fulani cha siri kinachoyataja, anapata wazimu papo hapo. Hadithi yote ndiyo hiyo. Nimekumalizia, usije ukanunua.

Na leo, eti, dunia nzima imelishika hilo! Pweza yuko kwenye fulana za mitumba, yuko kwenye vikombe, kwenye michezo ya simu, kwenye tanki za bodaboda, kwenye katuni za watoto. Juzi dukani nilimwona mwanasesere wake, laini, wa kijani, macho makubwa ya kuomba huruma, na mtoto wa miaka miwili amemkumbatia anampangusia kamasi. Huyo ndiye mungu wa kuangamiza ulimwengu, Mama. Anafuliwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa kwa mguu mmoja kwenye kamba. Dereva mmoja wa lori kutoka Mombasa alipoona picha yake kwenye kibanda chetu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Huyu? Huyu kwetu jioni tunamnywa supu." Sisi watu wa ziwa hatuna pweza, tunamwona kwenye picha tu, labda ndiyo maana watu wa kanisa letu walishtuka. Lakini hilo nalifikia.

Kuna mkahawa huku juu ya mtaa wetu ambako vijana wa chuo wanakutana Jumapili mchana kucheza mchezo wa mezani wa mambo hayohayo. Afande alinituma niwapelekee matangazo yetu. Wanatupa dadu, halafu mmoja anaandika kwenye karatasi wazimu wake umefikia ngapi. Wazimu! Pembeni ana kipande cha keki. Nilimkumbuka yule jirani yetu aliyepoteza akili baada ya vita, anavyokaa mlangoni akikunja na kukunjua kitenge kilekile kutwa nzima. Hakuna aliyemtupia dadu yule mama. Mmoja wa vijana akaniuliza natoka wapi, nikasema Uvira. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, "Kongo! Huko ndiko kwenye giza lenyewe." Nikamwambia ni kweli, umeme unakatika sana. Hakucheka. Watu wa pweza hawachekagi.

Ngoja nikusimulie siku ya filamu ya kwanza, maana ilinifurahisha. Ilikuwa Jumamosi mchana, kibanda kimejaa. Profesa mwenye ndevu anashuka chini ya bahari, anakuta mji wa mawe. Kuta zimepinda. Anaanza kutetemeka, anasema kuta hizi hazikujengwa kwa akili ya kibinadamu, nami nikatafsiri hivyohivyo kwa sauti ya kutisha. Mbele kabisa anakaaga Mama Akello, mke wa koplo, na kikapu chake cha karanga. Akapiga kelele: "Hiyo fundi alikunywa waragi!" Kibanda kizima kilivunjika mbavu.

Halafu likaja zimwi lenyewe. Ila hawalionyeshi, Mama! Ujanja wao ndio huo. Profesa anaangalia pembeni, anakodoa macho, anasema: "Hakielezeki. Hakuna maneno." Sasa mimi nifanye nini? Nikasema kwenye maikrofoni, "Anasema hakielezeki." Weee! Watu walinigeukia kama nimewaibia kuku. Huyu anasema "Eleza!", yule anasema "Wewe iko viijei ya nini?" Afande Opio mwenyewe akasimama mlangoni. "Amani! Watu nakuja hapa kusikia. Wewe sema hiyo kitu iko namna gani."

Basi nikasema. Nikasema lina kichwa kama kibuyu kilichooza, mikono kama mizizi ya mti uliong'olewa, linanuka kama soko la samaki siku ya tatu, na limekasirika kwa sababu limeamshwa kabla ya chai. Wakaridhika, wakashangilia. Mimi, Amani, niliyeishia darasa la sita la sekondari, nilieleza kwa dakika moja kitu ambacho wale mabwana walishindwa kukieleza maisha yao yote, wakaona aibu, wakakuita kule kushindwa kwao utisho.

Filamu ilipokwisha nikawauliza kama wameogopa. Mama Akello akaniuliza, "Profesa nalia nini mwishoni?"

"Analia kwa sababu ameona huko juu hakuna anayemjali."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Mimi nakaa kwa mlango ya ofisi moja siku tatu na faili ya bwana yangu. Hakuna mtu naangalia mimi. Mimi narudi nyumbani, napika posho. Sikupata wazimu." Akaokota kikapu chake akaenda zake.

Tangu siku hiyo nawadharau wale watungaji moja kwa moja. Hofu yao kubwa, hofu ya kutikisa mbingu na kujaza maktaba, ni kwamba mtu wao anaweza kuwa mdogo, jina lake lisijulikane na wakubwa. Sisi tunaamka na hiyo kila asubuhi, tunapiga nayo mswaki, tunakwenda kazini.

Kuna jingine, na hapa Mama inua sauti. Baba, yule muuza filamu alinichapishia hadithi mbili za zamani, nikazisoma na kamusi pembeni, kwa hasira, mpaka mwisho. Unajua ndani ya hadithi hizo ni nani wanaoliabudu hilo zimwi? Si profesa. Si mke wa profesa. Ni watu weusi, ni mabaharia, ni watu waliochanganya damu, wamekusanyika porini wanapiga ngoma na kurukaruka. Mzungu anakuja na taa anawaona, anatetemeka, anakwenda kuandika. Sisi ndio uchafu wa hadithi, Baba. Nusu ya utisho wenyewe ni sura zetu. Na leo watu wanavaa fulana hizo bila kujua wamevaa tusi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ninalo.

Filamu ya tatu ya pweza ilipokuja, Afande akapata wazo. Akataka tangazo lenye mtu. Mtu mwenyewe mimi. Neema alishona joho kutoka pazia kuukuu la kijani la shangazi yake anayekaa naye huku, akicheka tangu uzi wa kwanza. Mikono ya pweza tuliitengeneza kwa mipira ya ndani ya baiskeli, tukaijaza matambara, nikaifunga kidevuni. Kitabu cha laana mbele yangu kilikuwa orodha ya vipuri vya malori. Tukawasha mishumaa, nikainua mikono, Afande akapiga picha. Chini yake tukaandika "Kuhani wa Aliyelala", na jina la filamu, na Jumamosi saa nane, Mbuya, karibuni wote. Tukaituma kwenye simu za watu.

Sikufikiria picha ina miguu. Ilivuka mpaka, ikashuka mpaka Uvira, na ilipofika ilikuwa imekatwa chini. Saa hakuna, Mbuya hakuna, filamu hakuna. Amebaki Amani mwana wa mzee Elia, ameota mikono kidevuni, yuko mbele ya madhabahu. Shemasi Yona akaipitisha kanisani benchi kwa benchi, na wewe Baba umekaa pale kwenye kiti cha wazee wa kanisa, na wewe ndiye uliyeonyeshwa mwisho. Nimeambiwa ulichukua Biblia yako ukatoka kwa miguu kwenye jua lile, ukakataa kupandishwa pikipiki.

Kwa aibu hiyo naomba msamaha, Baba. Naomba kwa magoti yote mawili. Nilivaa utani wa watu wanaotudharau, nikaufanyia kazi, nikachekelea, na aliyelipa ni wewe mbele ya watu uliowazikia wazazi wao na kuwaombea watoto wao. Sina la kujitetea hapo.

Lakini mlinijibu nini? Ujumbe wako ulinikuta kwa kinyozi. "Usiniite baba mpaka utubu mbele ya kanisa kwamba ulimwabudu shetani wa baharini." Kinyozi alikuwa amefika nusu. Niliinuka nikaondoka na kichwa nusu, nikatembea mpaka nyumbani watu wananitazama, na nililia njiani, Mama, mtu mzima wa miaka thelathini na moja. Nimeona mazimwi ya kila rangi kwenye ule ukuta, hakuna lililonifanya nikose pumzi. Yale maneno yako, Baba, yalinikosesha.

Shemasi Yona akanipigia kunipangia. Eti nitawekwa kwenye kipaza sauti Jumapili, niseme nilimwabudu, niseme namkataa, kanisa lipige makofi, yaishe. Neema aliniambia nikubali. Alisema, "Amani, ni maneno tu, yaseme tuoane." Tuligombana siku mbili juu ya hilo, akanirudishia sufuria yangu bila hata kuniaga.

Siwezi. Nisikilizeni vizuri kwa nini siwezi. Nikisema namkataa, nimesema yupo. Yule pweza ni mzigo wa karatasi na mipira ya baiskeli! Hata waliomtunga hawakumwamini, walijaza vijarida wakaenda kula chakula cha mchana. Niwe mimi sasa, mjukuu wa mtu aliyejenga kanisa lile kwa matofali ya mkono wake, niwe mtu wa kwanza duniani kumpa heshima ya kumkana mbele ya madhabahu? Mfyuu! Na tena nikitubu nitakuwa nimekubali ile hadithi yao, kwamba ukituona sisi usoni, tayari unamjua tunayemwabudu. Mzungu mmoja wa miaka mia iliyopita alikaa kwao akiogopa vivuli, akaandika kwamba watu kama mimi ndio makuhani wa zimwi. Haya. Yeye hakunijua. Shemasi Yona ananijua. Alinifundisha katekisimu, alinilia maembe yangu, akaiona picha moja akamwamini yule wa vijaridani.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na Mama, usiliruke ukisoma.

Afande nimeshamwambia sivai tena. Alivimba kidogo, "Pweza najaza kibanda, Amani!", halafu nilipomweleza habari ya Baba akasema, "Baba iko baba," akatuma watu wote wafute ile picha, kana kwamba picha za simu zinafutika. Joho Neema amelirudisha dirishani kwa shangazi yake, ndiyo pazia tena. Wiki hii natafsiri filamu ya Wahindi, watu wanapendana na kuimba, na Mama Akello analia vizuri sana.

Neema tumepatana. Hataki tena nitubu. Alikuja na uji, akaniambia kwa kifupi kwamba mume anayeweza kusema uongo mbele ya kanisa kwa ajili yake, siku moja atausema mbele yake yeye. Lakini ameniambia pia kwamba hawezi kuolewa kwa kutoroka. Anataka atoke kwao mlangoni, mchana, mama yake akipiga vigelegele. Nami nataka hivyo.

Nisalimie dada yangu mkubwa Furaha na mumewe, waambie mapacha waache kunipigia kelele sikioni kwenye simu, natuma viatu. Nisalimie baba mdogo mvuvi, mwambie mguu wangu umepona. Bibi mzaa Baba mshike mkono umwambie ni mimi, hata kama atanichanganya na marehemu Babu. Shemasi Yona pia msalimie. Mwambie nilimpenda alipokuwa akitufundisha, na nimekasirika naye, yote mawili.

Hapa acha kusoma, Mama. Mpe karatasi. Mistari iliyobaki ni ya kwake, asome mwenyewe.

Baba,

Yule mama wa vitenge aliyewaletea barua hii alibeba mbili. Nilimwomba aanze kwa mzee Bahati kabla ya kufika kwenu, kwa hiyo hapa unaposoma, yule mzee ameshasoma yake. Nimemwandikia kwamba Jumamosi hii asubuhi baba yangu atafika kubisha hodi. Sikumwandikia habari ya pweza. Sikumwandikia kwamba ulikata simu, wala kwamba umenikataza neno ulilonifundisha la kwanza. Niliandika "Baba yangu atakuja", nikatia sahihi.

Wewe ndiye uliyenichapa nikiwa na miaka saba kwa kusema uongo juu ya nazi ya jirani, ukaniambia mtoto wa Elia hasemi kitu kisichokuwepo. Sijasema tena. Nimemwambia mzee wa watu utakuja, na Jumamosi yeye atakuwa ameketi nje anaangalia njia.

Mwanao,
Amani Elia